Kamari ni kamari, hata ikivishwa bangili ya dhahabu

Kila mwaka, majira ya joto yanapoingia katika jangwa la Nevada nchini Marekani, maelfu ya watu kutoka pembe zote za dunia humiminika jijini Las Vegas kucheza karata za poka. Mashindano hayo, yaitwayo World Series of Poker, yalianza mwaka wa 1970. Anayeshinda shindano lake kuu huitwa bingwa wa dunia, hupewa mamilioni ya dola na huvishwa bangili ya dhahabu mbele ya kamera za runinga.

Mimi ni mwanaisimu, na kinachonishughulisha hapa ni maneno. Hoja yangu ni kwamba historia ya mashindano haya ni historia ya kamari iliyobadilishiwa jina hadi ikaheshimika, na kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tumeanza kuifuata njia iyo hiyo pasipo kujiuliza inatupeleka wapi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeyaunda mashindano haya ni Benny Binion, mzaliwa wa Texas aliyeendesha kamari haramu mjini Dallas kabla ya kuhamia Las Vegas katika miaka ya 1940. Alikuwa amewahi kupatikana na hatia ya kuua mtu, na katika miaka ya 1950 alifungwa kwa kukwepa kodi. Kasino yake, Horseshoe, aliifungua mwaka wa 1951. Mwaka wa 1969 alihudhuria mkutano wa wacheza kamari wa Texas uliofanyika mjini Reno; mwaka uliofuata akawaalika wachezaji mashuhuri kwake.

Tazama jina alilolichagua. World Series lilikuwa jina la fainali za mchezo wa besiboli, unaopendwa mno na Wamarekani, tangu mwaka wa 1903. Kundi dogo la wacheza kamari, wengi wao wa Texas, likaazima jina la mchezo wa uwanjani na kujitwika dunia nzima. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa hata na fainali: Johnny Moss alitangazwa bingwa kwa kura za wachezaji wenzake.

Mwaka wa 1971 ndipo kamari hiyo ilipopewa umbo la mashindano. Kila mchezaji aliweka dola 5,000, na wakacheza hadi mmoja akabaki na fedha zote. Mwaka wa 1972 kiingilio kilipanda hadi dola 10,000, na hakijabadilika hadi leo. Mabadiliko haya yalikuwa na maana kubwa. Kamari ya kawaida haina mwanzo wala mwisho. Watu huketi, hupoteza, huondoka na wengine huchukua nafasi zao. Mashindano yana fainali, yana bingwa, yana kumbukumbu, na kwa hiyo mwandishi wa habari hupata la kuandika. Bangili za dhahabu zilianza kutolewa mwaka wa 1976, na tangu hapo wachezaji wakawa wanahesabiwa bangili kama wanariadha wanavyohesabiwa medali.

Kisha ukaja mwaka wa 2003. Mhasibu mmoja kutoka jimbo la Tennessee, ambaye jina lake la ukoo ni Moneymaker, yaani mtengeneza pesa, alipata nafasi ya kushiriki kupitia shindano dogo la intaneti lililomgharimu chini ya dola 100. Chris Moneymaker aliwashinda washiriki wengine wote kati ya 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Runinga, ambazo sasa ziliwaonyesha watazamaji karata zilizofichwa mikononi mwa wachezaji, zilikisambaza kisa hicho kote. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576. Mwaka wa 2006 walifika 8,773, na mshindi, Jamie Gold, akapata dola milioni 12. Binion alikuwa amefariki mwaka wa 1989, na mwaka wa 2004 mashindano yakawa mali ya kampuni kubwa ya kasino. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kuwa jina hilo linauzwa kwa dola milioni 500. Naam, jina! Anayedhani kuwa maneno hayana thamani ya fedha na alitafakari hilo.

Wapo watakaonijibu kwamba poka si bahati nasibu, bali ni mchezo wa akili. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Mchezaji wa poka hushindana na wachezaji wenzake, si na kasino. Huhesabu uwezekano, husoma nyuso na hujua wakati wa kunyamaza. Doyle Brunson alishinda shindano kuu mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, na Johnny Chan akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1987 na 1988. Hayo hayatokei kwa sadfa. Mwaka wa 2012 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kwamba katika poka ujuzi huishinda bahati. Hata hivyo, mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi wake, ikieleza kwamba sheria iliyohusika haikutegemea swali hilo.

Nami nasema kwamba kuwapo kwa ujuzi hakuondoi kuwapo kwa kamari. Stu Ungar, anayehesabiwa na wengi kuwa mchezaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wote, alishinda shindano kuu mwaka wa 1980, 1981 na 1997. Ushindi wa mwisho ulimpa dola milioni moja. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei nafuu mjini humo humo, akiwa na umri wa miaka 45, bila akiba yoyote ya maana. Dawa za kulevya zilikuwa zimemdhoofisha, na aliyoyavuna kwenye karata aliyapoteza kwa kuweka dau kwenye farasi na michezo mingine. Akili yake ilimfaa mezani. Haikumfaa mbele ya dau.

Tuzingatie pia hesabu. Mwaka wa 2023 washiriki wa shindano kuu walikuwa 10,043. Waliolipwa chochote walikuwa takriban 1,500. Kwa hiyo zaidi ya watu 8,500 walikwenda zao mikono mitupu, huku waandaaji wakikata sehemu yao kabla ya zawadi kugawanywa. Picha tuliyoiona ni ya mtu mmoja aliyezungukwa na mafungu ya noti. Lugha ya ubingwa humtaja mmoja na kuwafuta elfu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Kiswahili kiliwahi kuzifikiri karata kwa makini. Neno lenyewe karata, pamoja na kopa, uru, pau, shupaza na turufu, tuliyapokea kutoka kwa Wareno waliotawala pwani yetu. Neno kamari tulilipata kutoka Kiarabu. Wazee wetu hawakuyachanganya: kucheza karata ni kupitisha jioni barazani, kucheza kamari ni kuhatarisha mali. Karata zile zile, lakini kitendo kingine, na kwa hiyo jina jingine. Tofauti hiyo ni hekima iliyohifadhiwa katika msamiati.

Leo tunaibomoa. Tangu kamari ya simu ilipoenea nchini Kenya katika miaka ya 2010, nasikia redioni watu wakialikwa kubashiri, kubeti na kujaribu bahati. Neno kamari limeachiwa wahubiri. Kijana aliyeweka karo yake kwenye matokeo ya kandanda huambiwa kuwa ni mpenzi wa michezo. Aliyebahatika huitwa bingwa, kana kwamba alikimbia mbio za marathoni. Ni mbinu ile ile ya Binion ya kuazima jina la uwanjani, tofauti ikiwa kwamba mcheza poka wa Las Vegas walau huketi na karata mkononi na kuamua mwenyewe. Kijana wetu hachezi chochote; wanaocheza ni wengine, naye hulipa.

Sidai kwamba neno moja litamwokoa mtu na madeni. Lakini mtu hawezi kuogopa hatari ambayo lugha yake imekataa kuitaja. Nawasihi wahariri na watangazaji wetu mambo mawili. Kwanza, panapowekwa fedha ili kupata fedha, neno liwe kamari, pasi na haya. Pili, kila linapochapishwa jina la mshindi, idadi ya walioshindwa ichapishwe kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mwenye kutaka kuweka dau baada ya kuisoma, na aweke, lakini awe amejua anachokifanya kinaitwaje.