Miradi ya majaribio ya stima ipimwe hadharani

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza baada ya jenereta kukosa kuwaka. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kuzimika kwa mitambo ya upepo ya Lake Turkana, iliyokuwa ikizalisha takriban megawati 270. Wenye mitambo wakakana: walilazimika kuzima kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mwananchi akaachwa na maelezo mawili yanayokinzana.

Kazi ya kwanza ya gridi ya kisasa ni kumaliza ubishi kama huo. Vifaa vya kunasa mwenendo wa umeme kila sekunde vipo, na mita zinazojisomea na kutuma takwimu zenyewe tayari zimefungiwa wateja wengi wakubwa. Lakini mradi wa majaribio wa gridi ya aina hiyo hauwi na faida kwa kuhesabu mita zilizofungwa. Tuambiwe stima ilipotea kwa saa ngapi kabla ya mradi na saa ngapi baada yake, mtaa kwa mtaa.

Kisha kuna suala zito zaidi, la kawi tunayoimwaga. Upepo wa Loiyangalani, iliko mitambo ya Lake Turkana, huvuma kwa nguvu usiku, wakati viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Mitambo huagizwa kupunguza uzalishaji, na mvuke wa ardhini wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Ilhali jioni, jua likiwa limetua na kila nyumba imewasha taa, hubidi mitambo ya mafuta iongezwe. Gharama yake anaiona kila anayenunua tokeni: ujumbe ukiingia kwenye simu, tozo ya mafuta imo. Betri za kuhifadhi umeme, na bei nafuu ya usiku kwa viwanda na magari ya umeme, zipimwe kwa jambo moja: je, tozo hiyo imeshuka?

Tumewahi kulipia pupa. Mitambo 365 ya Lake Turkana ilikamilika 2017, ikakaa zaidi ya mwaka mmoja ikisubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kusafirisha umeme hadi kituo cha Suswa. Umeme haukufika, lakini fidia ya mabilioni ililipwa. Kawi safi haikuwa na kosa lolote hapo. Waliokosea ni waliopanga uzalishaji bila kupanga usafirishaji.

Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutokana na mvuke, maji, upepo na jua, na hilo ni jambo la kujivunia. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ichapishe matokeo ya kila mradi wa majaribio, uliofaulu na uliofeli, kwa lugha anayoielewa mteja. Hadi hapo, Bunge lisiidhinishe hata shilingi moja ya kuupanua.