Kosa la Kindiki: hakwenda Ikulu

Kuna watu ukiwatajia "msimamo wa chama" wanafunga mjadala. Ati chama kimeamua, basi. Mimi nataka tuufungue, na mfano wangu ni Seneti ya Kenya, mwaka 2020.

Mei 22 mwaka huo maseneta 54 walipiga kura kumng'oa Naibu Spika, Prof. Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi. Saba tu ndio waliopinga. Katiba ilitaka kura 45, thuluthi mbili ya wanachama 67, kwa hiyo zilimwagika. Kosa lake? Mei 11 Rais Uhuru Kenyatta aliwaita maseneta wa Jubilee Ikulu, na Kindiki hakuonekana. Hoja ya kumtoa ililetwa na Irungu Kang'ata wa Murang'a, aliyepewa ukiranja wa walio wengi katika kikao hichohicho cha Ikulu. Haikujengwa juu ya upendeleo akiwa kitini wala Kanuni za Kudumu alizovunja.

Hebu fikirieni jamani. Naibu Spika ni refa. Refa akifukuzwa kwa sababu hakwenda kunywa chai na timu moja, mechi inayofuata utaiamini vipi?

Nawasikia watetezi: tiketi alipewa na chama, na kiti pia. Sawa. Lakini someni kifungu cha 96 cha Katiba: Seneti inawakilisha kaunti. Kisha cha 123: sheria inayogusa kaunti ikija, kila kaunti ina kura moja. Mandera moja, Nairobi moja. Katika hesabu hiyo chama hakimo kabisa!

Na miezi mitatu tu baadaye tuliona maana yake. Mfumo mpya wa kugawa fedha ulitaka kutazama zaidi wingi wa watu, na kaunti kama Wajir, Marsabit, Kwale na Kilifi zingepoteza. Asubuhi ya Agosti 17, siku ya kura, polisi waliwakamata maseneta watatu waliokuwa wakiupinga: Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu. Hao wawili wa mwisho walikuwa Jubilee. Wasiotii chama, eti. Wenzao wakakataa kuendelea, kikao kikaahirishwa, na suluhu ikapatikana Septemba baada ya Rais kuahidi kaunti shilingi bilioni 50 zaidi. Sasa niambieni: mtu wa Wajir alitumikiwa na nani, watiifu au wakaidi?

Simlilii Kindiki, msinielewe vibaya. Aliapishwa kuwa Naibu Rais Novemba 2024, baada ya Seneti hiyohiyo kumtimua Rigathi Gachagua. Siasa ilimlipa na riba.

Anayenichekesha ni Kang'ata. Desemba 2020 alimwandikia Rais barua kumwambia kwamba BBI haipendwi Mlima Kenya. Yaani kwa mara moja kiranja alipeleka sauti ya wapiga kura juu, badala ya kushusha amri ya Ikulu chini. Februari 2021 Jubilee ikamvua ukiranja, ikampa Kimani Wamatangi wa Kiambu. Hata miezi tisa haikutimia tangu amtoe Kindiki.