Piano ndani ya ordinatere: korali za Kolwezi zichague ya namna gani?

Katika makanisa mengi ya Dilala na Manika, piano ya kweli haiko. Kiko kinanda, na siku hizi kijana anakiunga kwa waya na ordinatere ili sauti itoke kama ya piano kubwa. Korali inachangisha feza, halafu swali linakuja: tununue programu gani? Wengi wanachagua kwa kuangalia video. Lakini video haijui delestaje, wala bei ya mega hapa kwetu.

Programu hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya sauti zilizorekodiwa: mtu anapiga piano ya kweli studioni, noti kwa noti, polepole halafu kwa nguvu. Ukigusa kinanda, ordinatere inatafuta ile rekodi na kuitoa. Garritan CFX, kwa mfano, ilirekodiwa katika studio za Abbey Road, London. Sauti ni tamu kweli, lakini ikiwa nzima inachukua zaidi ya giga 100. Kushusha giga 100 kwa mega za simu ni feza ya kulipia karo ya mtoto. Ndiyo maana vijana wanapitishana kopi za wizi kwa diski, na virusi vinafuata.

Ya pili haibebi rekodi za noti. Inapiga hesabu: nyundo inagonga waya namna gani, mbao zinatetemeka namna gani, na sauti inazaliwa palepale. Pianoteq, ya kampuni Modartt ya Toulouse, Ufaransa, ilitoka 2006. Haifiki hata giga 1. Bei yake inapita euro 100, na wengine wanasema inasikika kavu kidogo. Tena inachosha prosesa: mashini ya zamani inaweza kukatakata sauti.

Kwa korali, mimi naona ya pili inafaa zaidi. Bafle zetu za kanisa zinameza ule utamu wote wa London. Mama aliyekaa benchi la nyuma hatausikia. Halafu kuna umeme. Ordinatere nyingi tunazonunua ni okazyo, batri imekufa (na sisi ndio tunachimba kobalti ya batri, tuache hayo). Umeme ukikatika katikati ya wimbo na kurudi, programu yenye rekodi nzito inachukua muda kujaza memori, waumini wamekaa wanangoja.

Anayerekodi albamu studioni, huyo ni mwingine. Atafute rekodi nzuri, na asianze na ya feza nyingi: Salamander, iliyorekodiwa kwenye Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu ya kidole, ni ya bure.

Pianoteq nayo iko na toleo la kujaribu. Linasimama baada ya dakika 20, na noti kadhaa zimezimwa. Lipelekeni kwenye mazoezi, kwa ordinatere ileile na bafle zilezile, kabla ya kuanza kuchangisha.