Homa Ikinyamaza Siku ya Pili

Kibarua wa mkonge wa Korogwe au mkulima wa mahindi wa Handeni anayepewa dawa mseto ya malaria huambiwa ameze dozi 6 kwa siku 3. Sababu ni nadra kuelezwa. Ukimya huo humnyima mgonjwa sehemu ya tiba, kwani sababu yenyewe haipiti uwezo wake wa kuelewa, ingawa imejificha ndani ya elektroni.

Artemether, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika kidonge hicho, ina daraja la atomi mbili za oksijeni. Elektroni zake zimeshikana mbili mbili, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Hivyo kipimo cha mwitikio wa sumaku wa elektroni, kilichotokana na ugunduzi wa Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944, hakioni kitu. Kimelea kinapomeng'enya damu, madini ya chuma hulivunja daraja hilo. Elektroni moja hubaki pweke, na kipande chenye elektroni hiyo, yaani radikali, hukishambulia kimelea. Radikali huishi kitambo kidogo mno, hata watafiti huinasa kwa kemikali nyingine ndipo waisome.

Zipo pia dairadikali, zenye elektroni mbili pweke. Zikizunguka upande mmoja, kama katika oksijeni tuivutayo, sumaku huzitambua; zikipingana, kipimo hunyamaza. Mtafiti makini hasemi hapo kwamba elektroni hazipo. Hubadili jotoridi, akatazama iwapo ishara itajitokeza.

Homa nayo hunyamaza. Siku ya pili mgonjwa hula ugali, hurudi shambani, na vidonge vilivyosalia huwekwa akiba (au, vibaya zaidi, hupewa mtoto wa jirani). Lakini artemether hutoweka mwilini ndani ya saa chache. Vimelea vilivyobaki huachiwa lumefantrine, ambayo hudumu siku kadhaa, ila hufyonzwa vyema ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, mchuzi wa nazi.

Mkoani Kagera vimethibitishwa vimelea vyenye badiliko la R561H, vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemether. Korogwe, palipofanyiwa majaribio ya chanjo ya RTS,S, haipaswi kuziona hizo kuwa habari za mbali. Foleni ya dirisha la dawa ni ndefu, hilo halikanushiki. Hata hivyo, kumweleza mgonjwa kwamba homa hutangulia kuondoka kabla ya vimelea hakuchukui dakika mbili.