Miale Katika Chumba cha Upasuaji

Mgonjwa wa mawe ya figo afikapo katika hospitali za Nairobi, iwe Upper Hill au Parklands, anachokihofia ni kisu. Miale haionekani wala haiumi, basi haiulizwi. Hali mpasuaji atoapo jiwe kupitia tundu dogo mgongoni, mara nyingi huongozwa na eksirei, nayo hutoka kila akanyagapo kanyagio.

Mgonjwa hupita (ingawa mawe yana tabia ya kurudi, na eksirei hurudi nayo). Muuguzi na daktari hubaki humo miaka na mikaka. Ndiyo sababu mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho ilipendekeza kikomo cha lenzi ya jicho la mfanyakazi kishushwe kutoka milisiverti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20. Kenya nayo ilitunga sheria mpya ya udhibiti mwaka 2019.

Lakini sheria haiukamati mguu wa mpasuaji. Aproni ya risasi hununuliwa. Kukanyaga kwa muda mfupi, na kuitazama picha ya mwisho iliyosalia kwenye skrini badala ya kupiga nyingine, ni bure. Asiye na kazi kando ya kitanda na arudi nyuma: umbali ukiongezeka maradufu, miale hupungua hadi robo hivi. Mawimbi ya sauti nayo huweza kuiongoza sindano hadi figoni bila miale yoyote.

Tena, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Onyo la mlangoni na liandikwe kwa Kiswahili pia, asukumaye kitanda alisome kabla hajaingia.