Duara za Mawanga ni mali ya nani?

Kijana mmoja mwenye duka la uchapishaji mjini Migori alinionyesha majuzi mchoro alioutengeneza kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo hupatikana bila malipo. Ulikuwa duara ndani ya duara, nyekundu kwa nyeupe. Alitaraji nimsifu. Nilimwuliza kama amewahi kuvuka ziwa hadi Mfangano.

Kwani mchoro huo, au ndugu yake wa toka nitoke, umo katika pango la Mawanga kisiwani humo, Kaunti ya Homa Bay. Wataalamu huihesabu michoro ya huko kuwa kazi ya Watwa, wawindaji waliowatangulia wakulima na wavuvi wa leo, na wazee wa Abasuba wameihusisha na maombi ya mvua. Si pambo tupu.

Sina ugomvi na kompyuta. Programu za aina hii hazihifadhi vitone vya rangi bali maelezo ya umbo: kitovu ki wapi, nusu kipenyo ni kiasi gani, rangi ni ipi. Ndiyo maana mchoro ulio mdogo kama stempu waweza kutandazwa ukuta mzima pasi na kufifia. Kasoro yake ni kukamilika mno. Mkono uliochora Mawanga ulitetereka kidogo, na hapo ndipo ulipo uhai wake. Anayetaka kujifunza na aende akatazame kwanza. (Hata Thimlich Ohinga, huko huko Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo zina la kumfunza mchoraji.)

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Mchoro wa kompyuta hunakiliwa kufumba na kufumbua. Duara hizo zaweza kuuzwa kwenye fulana Nairobi na ng'ambo, na mwenyeji wa Mfangano asione hata ndururu. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni za jamii imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuzisajili. Basi naitaka Homa Bay iutangazie umma iwapo duara za Mawanga zimo daftarini. Ikiwa hazimo, wazee waitwe, ziandikwe, na masharti ya kuzitumia yajulikane hadi madukani.

Kijana yule aliniambia yuko radhi kulipa ada. Hajui amlipe nani.