Hedfoni za Safari: Tazama Mpira, si Mdundo

Mfanyabiashara wa mpunga anayetoka Msangano, akaunganisha basi Tunduma kwenda Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilometa 900 akisikiliza ngurumo ya injini. Kwake hedfoni za kuingiza ndani ya sikio si anasa.

Tatizo ni namna tunavyonunua. Wengi huuliza jina na mdundo, ilhali kinachozuia kelele ni mpira wa mbele. Ukiziba sawasawa, sauti ndogo inatosha. Ukilegea, msafiri huongeza sauti ili kuishinda injini, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki; zikifika 90, mwisho ni saa 4. Safari moja ya Dar es Salaam inaumaliza mgawo huo.

Kwa maoni yetu, mnunuzi adai seti yenye mipira ya saizi tatu, aijaribu dukani bila muziki. Kelele za barabarani zikififia, hiyo inamfaa. Mipira ya sponji huziba vizuri, ila huchakaa mapema. Za waya hazihitaji chaji, lakini hakikisha simu ina tundu lake. Zile zinazopunguza kelele kwa umeme ni ghali, na chaji ikiisha kazi hiyo hukoma.

Wenye maduka nao wauze mipira ya akiba. Ni bidhaa ndogo, lakini humrudisha mteja. Msafiri naye akifika stendi azivue. Mzigo hulindwa kwa macho na masikio.